Fuso inachemsha Kitonga: nioshe rejeta kwa siki, sabuni ya unga au dawa ya choo?

Mpandisha_Saruji:
Wakuu habari za mchana. Nina Fuso Fighter ile ya injini 6D16, napandisha saruji kutoka Dar nashuka na mbao za Mafinga. Tambarare haina neno kabisa, geji imetulia katikati, ila nikishapita Mahenge nikaanza mlima Kitonga na mzigo, kona hazijafika tatu mshale huo unapanda, inabidi niegeshe utingo aruke na jiwe tairi la nyuma tukae nusu saa tunaangalia mabasi yanatupita. Juzi nimefungua kifuniko cha rejeta (ilikuwa imepoa msije mkanisema) maji yana rangi ya chai ya rangi na kwenye shingo kuna ukoko mweupe mweupe, nikikwangua na kucha unabanduka kama ule wa ndani ya birika. Ukweli ni kwamba kulanti (ile dawa ya rejeta ya kuchanganya na maji) haijawahi kuiona tangu nimeinunua, utingo anajaza ndoo popote na kuna kipindi tulikuwa tunapeleka mizigo Singida kule visima vingine maji chumvi tupu.

Sasa fundi wa mtaani anasema nilete nusu lita ya dawa ya choo tuchanganye na jiki, dakika 10 kutu yote nje. Jirani anasema sabuni ya unga. Shemeji anasema siki. Nipeni uzoefu, gari ndo inalisha watoto hii.

Kipara_Barabarani:
Dawa ya choo na jiki?? Mkuu huyo fundi usimpe hata kazi ya kujaza upepo. Dawa nyingi za choo ni asidi, ukiikutanisha na jiki inatoka gesi ya klorini, mtaanza kukohoa hapo hapo mkiwa mmeinamia boneti. Na hata moja moja bado ni hasara, ile asidi ya chooni haichagui, inakula kutu ikimaliza inakula na chuma, na nyumba ya themostati (ile valvu inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto) kama ni ya aluminiamu ndo kabisa. Ile soda kali ya kuzibua mabomba ya jikoni nayo usiisogeze, aluminiamu inaichemsha kama andazi kwenye mafuta.

FundiRejeta_Mstaafu:
Kijana, swali la kwanza siyo uoshe na nini, swali ni uchafu gani umo ndani. Umesema ukoko wa birika na maji ya chai, basi hiyo ni chokaa ya maji chumvi na kutu, na hivyo vinatolewa na asidi laini. Ungekuta utando unateleza, maji yamekuwa kama uji wa maziwa, hapo ni oili imeingia, asidi haifui dafu, inatakiwa sabuni, na kabla ya sabuni utafute oili inapita wapi, oili kula (kile kipoza oili) au gasketi ya hedi, la sivyo utaosha kila mwezi.

Siki inafanya kazi lakini ile ya dukani ni asilimia 5 tu, chupa mbili kwenye lita 20 na kitu za Fuso ni kutia maji baharini. Mimi miaka yote natumia unga wa ndimu, citric, ule wanaouza kwa watengeneza juisi. Gramu 30 hivi kwa lita moja, uukoroge kwenye maji ya moto kwenye ndoo mpaka upotee ndo umimine. Kabla ya hapo mwaga maji ya zamani yote, toa themostati, fungua hita mpaka mwisho ili dawa izunguke kila mahali. Washa, ikishapata joto lake la kazi iache kama nusu saa, usiende kulala nayo. Zima, subiri ipoe, mwaga. Utaona kinachotoka mpaka uogope. Suuza na maji safi, halafu zungusha maji yenye magadi ya kupikia vijiko vichache kuua asidi iliyobaki, suuza tena mpaka maji yatoke meupe. Na usije ukatia maji ya baridi injini ikiwa ya moto, hedi inapasuka, nimeziona nyingi.

Lingine: rejeta ya zamani mara nyingi ukoko ndo ulikuwa umeziba matundu. Ukiosha ikianza kuvuja usimlaumu mtu.

Mama_Tipa:
Kuhusu sabuni ya unga naongea kama shahidi maana dereva wangu alifanya bila kuniuliza. Povu! Povu lilitoka kwenye mpira wa juu, kwenye tanki la akiba, kila mahali, na gari ikawa inachemsha kuliko mwanzo kwa sababu pampu inasukuma povu badala ya maji na povu halibebi joto. Tulisuuza mara tisa, ya tisa bado inanukia nguo. Kama lazima sabuni, tafuta ile ya mashine za kuoshea vyombo, haina povu.

Lori_la_Pwani:
Nduguzo wa Mombasa hapa. Kabla hujamwaga chochote, je umeangalia rejeta kwa nje? Lori yangu ilinisumbua miezi mitatu vilima vya kwenda Malaba, makanika wakabadilisha pampu bure, kumbe vile vibati vyembamba vimejaa vumbi na oili na mabawa ya wadudu, upepo haupiti kabisa. Osha kutokea upande wa injini kwenda mbele, maji ya kawaida, usiweke presha kali vibati vitalala. Na hiyo klachi ya feni pia uiangalie, tambarare upepo wa mwendo unakusitiri, kilimani unaenda mdogo mdogo ndo feni inaumbuka.

Mpandisha_Saruji:
Wakuu mrejesho. Citric nimefanya jana kama mzee alivyosema. Maji yalitoka rangi ya kahawa, chini ya beseni yakaacha mchanga mchanga, nimesuuza mara nne. Themostati nimeitumbukiza kwenye sufuria jikoni wife ananitazama tu, maji yamechemka kabisa imefunguka upenyo wa karatasi tu, kumbe nayo ilishachoka. Nimenunua mpya. Na kwa nje, ndugu wa Mombasa, nilitoa udongo wa kujaza koleo.

Imeanza kuvuja kidogo chini karibu na koki, nimempelekea fundi rejeta aichomee. Baada ya hapo kulanti nusu kwa nusu na maji ya dukani?

FundiRejeta_Mstaafu:
Nusu kwa nusu, na maji yasiyo na chumvi, hata ya mvua uliyokinga vizuri yanakufaa kuliko ya kisima. Kifuniko kikague mpira wake, kikishindwa kushika presha utachemsha tu na kulanti yako. Na kulanti utakayomwaga siku nyingine usiiache wazi uani, ni tamu, mbwa na mbuzi wanalamba wanakufa.

Mpandisha_Saruji:
Sawa mzee wangu, shikamoo. Jumatatu napanda na tani zile zile, nikifika Ilula kule juu bila kuegesha nitaandika hapa. Ndoo ya utingo nimeshaigawa kwa jirani.