Tupeane uzoefu: brauza ilipokugomea kupakua faili

Wakuu, nina meza ya uchapaji pale Nasser Road, Kampala. Juzi mteja kaleta linki ya kadi za harusi, anazitaka jioni. Chrome ikagoma: faili imezuiwa. Nabonyeza, wapi! Mteja anapiga funguo za gari mezani, ka-ka-ka. Nikafungua Ctrl+J, faili ipo pale, pembeni vidoti vitatu, nikaamuru ihifadhiwe. Kumbe linki yenyewe ni ya http, ile isiyo na s, yaani faili inasafiri bila kufichwa njiani, ndiyo maana Chrome ikagoma. Mbunifu ninamfahamu, ndiyo maana nikathubutu. Nanyi yaliwakuta yapi?

Wakala wa Malaba: Sisi enzi hizo tulikuwa na Internet Explorer, kabla haijastaafishwa Juni 2022. Ujumbe ulikuwa uleule kila siku: mipangilio ya usalama hairuhusu. Kijana wa kompyuta alikuwa amepandisha usalama hadi High, halafu akahama kazi! Dawa: Internet Options, Security, Custom level, shuka mpaka Downloads, weka Enable. Malori yamepanga foleni mpakani, mimi nasaka kitufe.

Mama Aisha, Arua: Yangu aibu. Facebook ilipofungwa hapa Uganda Januari 2021, kila mtu VPN, VPN, ile programu ya kupenya tovuti zilizofungwa. Nikapata moja kwenye tovuti nisiyoijua. Chrome ikaniambia faili ina hatari. Nikazima Safe Browsing yote, ule ulinzi wa Chrome dhidi ya faili na tovuti hatari, nikapakua, nikaisakinisha. Simu ikaanza kurusha matangazo hata nikiwa napiga hesabu za duka, bando linayeyuka. Mwisho fundi akaifuta simu nzima. Picha za mwanangu akiota meno zikaenda nazo.

Fundi Kisenyi: Pole, dada. Ungeruhusu faili moja, si kubomoa ukuta wote. Mimi kila faili ya mashaka naipitisha kwanza kwenye tovuti ya VirusTotal, inakaguliwa na antivirusi nyingi kwa mpigo. Ila nyaraka za siri za wateja usipandishe huko, wengine wanaweza kuziona.

Karani, Jinja: Tena washeni kuonyesha viendelezi vya faili, zile herufi za mwisho wa jina kama .pdf, Windows huvificha. Nililetewa "mishahara.pdf", kumbe mwishoni kuna .exe, yaani ni programu, si waraka. Brauza ilikataa, nami nikaitukana!

Mwanzisha mada: Ahsanteni, nacheka na kuogopa. Kadi zilitoka kwa wakati, ssebo. Jina la bwana harusi limekosewa, lakini hilo brauza haihusiki.