Naomba ushauri: baba mdogo ana kansa ya mapafu, kaletewa vidonge vya antioksidanti

Wakuu habari zenu. Baba mdogo wangu ana kansa ya mapafu, yuko kwenye kemo (dawa kali za kuua kansa), sigara kavuta miaka mingi. Kakonda vibaya, mapaja yameisha kabisa, suruali anaifunga kwa kamba na kuinuka kwenye kiti mpaka ashike ukuta. Sasa kuna jamaa kamletea makopo ya vitamini E na beta karotini (ile inayogeuka vitamini A mwilini) dozi kubwa, ndizo hizo antioksidanti, eti inarudisha misuli na kuua kansa. Mimi nimesoma nikaogopa, maana kule Ufini wanaume wavuta sigara walipewa beta karotini miligramu 20 kwa siku, majibu yakatoka 1994, waliomeza wakapata kansa ya mapafu zaidi kwa asilimia 18 kuliko wasiomeza, na Marekani utafiti wa namna hiyo ukasimamishwa 1996 kabla ya muda wake. Vyakula vyenye antioksidanti kama mchicha na machungwa sina shida navyo, hofu yangu ni vidonge. Daktari tunamwona wiki ijayo ila mzee keshaanza kumeza. Mliouguza mgonjwa wa hivi, mlimlisha nini misuli isiishe? Na nimwambieje aache bila kumkatisha tamaa, maana hivyo vidonge kavishikilia kwelikweli?