Mafanikio ya wanafunzi wa shule ya kijijini yapimweje pale ambapo hakuna kombe lililoletwa?

MwalimuWaMadumu ameuliza:

Habari za kazi, walimu wenzangu na wazazi mliomo humu. Ninafundisha Biolojia na Kemia katika shule ya sekondari ya kata mkoani Manyara, na tangu mwaka jana nimekabidhiwa pia klabu zote za wanafunzi. Shule haijafikiwa na umeme wa gridi, maabara ni chumba kimoja chenye meza mbili, na wapo wanafunzi wanaotembea kilomita saba asubuhi na saba nyingine jioni.

Naomba nieleze kwanza walichokifanya, maana swali langu limezaliwa humo. Mwezi Julai, baada ya mavuno, wanafunzi kumi na mmoja wa kidato cha tatu walitaka kujua kama majivu ambayo bibi zao huchanganya na mahindi ghalani yanamzuia dumuzi kweli, na kama majani ya mwarobaini yaliyokaushwa na kutwangwa yanayashinda hayo majivu. Walikata midomo ya madumu sita ya lita tano, wakatia katika kila dumu kilo tatu za mahindi kutoka gunia moja lililokwisha kuingiwa na wadudu: madumu mawili hayakuwekwa kitu, mawili yakawekwa majivu, mawili yakawekwa mwarobaini. Mizani waliiazima kwa mwenye duka jirani, kwa sharti kwamba iwe imerudi kabla wateja wa jioni hawajaanza kumiminika. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, walimwaga dumu moja moja juu ya gunia lililotandikwa, wakachota punje mia moja bila kuchagua, wakahesabu zilizotobolewa na kuandika. Kufikia wiki ya kumi na mbili, madumu yasiyowekwa kitu ukiyainamisha yalitangulia kutoa unga kabla ya punje, ilhali yale ya majivu yalikuwa bado na mahindi ambayo mama yeyote angeyapeleka mashineni bila kusita. Mwarobaini ulisaidia, ila si kwa kiasi walichokitarajia, nao wakaliandika hilo kama lilivyo.

Tulikwenda kwenye mashindano ya ngazi ya wilaya. Mmoja wa waamuzi aliuliza kwa nini kila aina ina madumu mawili badala ya moja, na binti aliyekuwa ameshika daftari akajibu, "Ili tukikosea katika dumu la kwanza, la pili litusute." Hatukuchaguliwa kuendelea. Waliochaguliwa walikuwa na mashine nzuri ya kupukuchua mahindi, na sina kinyongo na uamuzi huo. Kinachonisumbua ni kwamba katika taarifa ya shule ya mwisho wa mwaka, safu ya klabu ya sayansi ina neno moja tu, "Hakuna", kwa sababu fomu inauliza nafasi iliyopatikana na si kazi iliyofanyika. Katika kikao cha wazazi nako, mzee mmoja alisimama akauliza kama watoto wamekuja shuleni kusoma au kuhesabu wadudu, na wengi wakampigia makofi.

Kwa hiyo nauliza mambo mawili. Ni kwa njia gani shule kama yetu inaweza kuyaandika na kuyatambua mafanikio ya aina hii ili yasipotee? Na je, kwa wanafunzi wanaokaa mbali kiasi hiki, shughuli hizi ziwekwe saa ngapi?

---

JiraniNakuru amejibu:

Mwalimu mwenzetu, pokea salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Jibu la yule binti ningelibandika kwenye ukuta wa maabara.

Ninafundisha katika kaunti ya Nakuru, ambako kuna shule ambayo huenda umewahi kuisikia, Keriko, ya kutwa na ya mseto, iliyoko katika kijiji cha Pwani. Ni eneo ambalo ukame si jambo geni. Mmoja wa walimu wake, Bwana Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko aliyekuwa akifundisha Hisabati na Fizikia, alitunukiwa Global Teacher Prize mjini Dubai mwezi Machi 2019, tuzo yenye thamani ya dola milioni moja za Marekani. Wanafunzi wake walikuwa wameshinda katika maonyesho ya kitaifa ya sayansi ya mwaka 2018 kwa kifaa cha kuwawezesha watu wasioona na wasiosikia kupima vitu, na shule ikapata nafasi katika maonyesho ya kimataifa ya mwaka 2019 huko Arizona. Shule hiyo wakati huo ilikuwa na kompyuta moja tu na intaneti ya kusuasua.

Watu wakisimulia habari hii huishia kwenye dola. Mimi hunigusa zaidi mambo mengine mawili ambayo yalielezwa waziwazi wakati wa tuzo. La kwanza, mwalimu huyo na wenzake wanne walikuwa wakiwafundisha mmoja mmoja wanafunzi waliokuwa wamebaki nyuma katika Hisabati na sayansi, nje ya saa za darasa na mwishoni mwa juma, na walikwenda hadi majumbani kuzijua shida zao. La pili, pamoja na klabu ya kukuza vipaji palikuwa na klabu ya amani, kwa kuwa shule hupokea watoto wa makabila mbalimbali na eneo lile lilikuwa na kumbukumbu ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007. Kwa maneno mengine, kile kifaa kilichofika Arizona kilitoka katika shule ambayo tayari ilikuwa ikimtembelea nyumbani mwanafunzi asiyeshinda chochote.

Kwa hiyo kuhusu yule mzee wa kikaoni, ningekushauri uende kwake. Nenda na wanafunzi wawili na lile dumu la majivu, umwombe akueleze yeye huhifadhi vipi mahindi yake. Mkulima akiulizwa kwa heshima na mtoto aliyebeba daftari, kikao kijacho atakuwa shahidi wako.

---

MkuuMstaafu amejibu:

Mwalimu, shikamoo nimeipokea hata kama hukuiandika, maana naona unaandika kama mtu aliyelelewa. Nimeongoza shule mbili za vijijini kabla ya kustaafu, moja ikiwa miongoni mwa shule za kata zilizofunguliwa kwa wingi katika miaka ya 2000 baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanza mwaka 2004. Naheshimu aliyoyasema ndugu yetu wa Nakuru, ila naomba nitie tahadhari. Nimeona shule ambayo baada ya kushinda mara moja iliwachukua wanafunzi watano hodari, ikawatenga na wenzao, ikawafundisha mradi mmoja miaka miwili mfululizo, na wale mia tatu waliobaki hawakugusa hata bika. Walimu wa michezo wanalijua hili vizuri zaidi. Katika UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, timu hupanda kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa na taifa, na kila ngazi huacha watoto nyuma, kwa hiyo shule inayohesabu wale waliofika mwisho tu imejipangia kuwasahau karibu wote iliowafundisha kukimbia.

Sasa nije kwenye swali lako la kuandika. Sisi tulikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu, tukaliita Daftari la Kazi za Wanafunzi, na lilikaa katika ofisi ya mwalimu wa taaluma. Mwanafunzi ndiye aliyeandika humo, si mwalimu: tarehe, alichokifanya, alichokipata, kilichomshinda, na jina la mtu mmoja aliyeshuhudia. Mwalimu msimamizi alisaini chini. Nilipofika wakati wa kuandika vyeti vya kumaliza shule, ambavyo katika shule zetu vilikuwa na nafasi ya kueleza mwenendo na shughuli za mwanafunzi, sikuandika "anajituma" kwa kila mtu, bali nilifungua daftari nikanakili kitu halisi. Kijana mmoja alinijia miaka kadhaa baadaye, akaniambia kwamba katika usaili wa kazi aliulizwa juu ya mstari huo mmoja kwa muda mrefu kuliko alama zake.

Kuhusu ile taarifa yenye safu ya "nafasi iliyopatikana", ijaze kama inavyotaka, kisha ambatanisha ukurasa mmoja wa maelezo. Hakuna ofisi itakayokukataza kuambatanisha. Na wasilisha kazi ile mbele ya bodi ya shule, wanafunzi wenyewe wakieleza, kwani mjumbe wa bodi aliyeona dumu kwa macho yake ni mtetezi wa klabu hata ukihamishwa.

Jambo la fedha usilipuuze. Tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipofuta ada katika elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne, mchango wowote unaoonekana kuwa wa lazima unaweza kukuletea matatizo makubwa, hata kama ni nauli ya kuwapeleka watoto wilayani. Mambo hayo yapitie kwenye kikao, yaandikwe katika muhtasari, na mtoto ambaye mzazi wake hakuchanga asiachwe. Wasichana wakilala nje ya nyumbani, mwalimu wa kike awepo na ruhusa ya mzazi iwe ya maandishi.

---

MzaziWaWawili ameandika:

Mimi si mwalimu. Nina watoto wawili katika shule kama hiyo, na pengine ningekuwa miongoni mwa waliopiga makofi, kwa hiyo naomba nisikilizwe bila kuhukumiwa. Mwanangu wa kike akibaki klabu hadi saa kumi na moja jioni, anafika nyumbani giza limeingia, na katikati kuna korongo ambalo halina nyumba hata moja. Kwetu swali halikuwa wadudu, swali lilikuwa lile korongo, ila mzazi akisimama mbele ya watu husema linalosemeka kirahisi. Shughuli hizo zikiwekwa ndani ya saa za masomo, sitakuwa na neno. Na mkiwa mnajua mapema kwamba mtatuchelewesha, tuambieni siku, nasi tutapanga zamu ya kuwapokea njiani.

---

AliyepimaMvua amejibu:

Nimesoma swali hili na nimeona niseme kama mtu aliyewahi kuwa upande wa pili wa dawati. Mimi ni muuguzi mkoani Morogoro. Nilisoma katika shule ya kijijini ambayo, kwa muda wote nilipokuwapo, haikuwahi kuleta kombe la aina yoyote, na sikumbuki kama tuliwahi kuvuka hata ngazi ya kata katika netiboli.

Klabu yetu ya Jiografia ilikuwa na kipimamvua kimoja, nami nilikuwa mtunzaji wake kuanzia kidato cha pili. Kila siku saa tatu kamili asubuhi nilipewa ruhusa ya kutoka darasani, nikamimina maji ya usiku katika chupa yenye alama, nikainama hadi jicho langu likawa sawa na uso wa maji, maana ukisoma ukiwa umesimama unakosea, kisha nikaandika milimita kwenye daftari na kwenye ubao mdogo uliotundikwa karibu na lango. Siku isiyo na mvua niliandika sifuri. Mwalimu alikuwa mkali sana juu ya sifuri. Alisema siku iliyoachwa wazi ni siku ambayo hakuna anayejua kilichotokea.

Msimu wa pili wazee walianza kupita langoni kusoma ubao ule kabla ya kupanda. Mmoja alikuwa hajui kusoma, akawa ananingoja nimsomee. Hakuna mtu aliyeiita hiyo kuwa ni mafanikio ya shule, na haikuandikwa popote isipokuwa katika lile daftari, ambalo sijui lilipo sasa. Lakini leo ninapojaza chati ya mgonjwa usiku wa manane, na mkono unataka kuruka kipimo kimoja kwa sababu hakijabadilika, huwa namsikia mwalimu yule.

Mwalimu, ombi langu ni dogo. Majina ya wale kumi na mmoja yasomwe mstarini, pamoja na walichokigundua, kwa sentensi kamili. Mimi jina langu halikusomwa hata mara moja, na ningependa lisomwe.

---

MwalimuWaMadumu amerejea:

Nawashukuru wote, na Mzee Mkuu, shikamoo rasmi sasa. Nimezungumza na mkuu wangu wa shule. Amekubali vipindi viwili vya mwisho vya Ijumaa viwe vya klabu kwa wanafunzi wote, na saa tisa kamili kila mtu awe ameondoka. Dada wa Morogoro, majina yamesomwa Jumatatu iliyopita. Binti wa daftari alisoma mwenyewe matokeo ya mwarobaini, kwa kuwa alisema ndiyo sehemu ambayo watu watadhani si matokeo.

MzaziWaWawili, nimekiri kwamba sikuwahi kuuliza njia wanazopita. Juzi nimetembea na wanafunzi wanne hadi kwao, na kumbe nasi tuna korongo letu, lenye daraja la magogo mawili ambalo wakati wa masika huondolewa na maji. Wanafunzi wa klabu wameomba kuanza kupima kina chake mvua zikianza, kwa mti uliochongwa alama, wakisomea ukingoni wala si ndani ya maji. Nimewaambia tutaamua baada ya wazazi wa upande ule kuja kuuona huo mti na mahali utakaposimikwa.

Kwa yule mzee wa kikaoni tulikwenda Jumamosi. Alitupokea vizuri, akalichunguza dumu la majivu kwa muda, akatuuliza majivu yalikuwa ya mti gani. Hakuna aliyejua. Yeye hutumia majivu ya mibuni, ambayo huyachukua jikoni kwa rafiki yake wa Mbulu kila akienda kule, na anaamini ndiyo makali zaidi. Kama kuna mtu humu aliyewahi kulinganisha majivu ya miti tofauti katika kuhifadhi nafaka, naomba anieleze alivyofanya, kwa sababu wanafunzi wamekwisha kuanza kukusanya madumu mengine.