Broila: chakula cha kilokalori 2,900 au 3,200?

Mfugaji Njiro
Habari za humu wakuu. Nina broila (kuku wa nyama) 300 hapa Njiro, Arusha, wana siku 18, na chakula nachanganya mwenyewe. Fomula ya kwanza inatoa nguvu ya kilokalori 2,900 kwa kilo: mahindi, pumba, mashudu ya alizeti (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta), soya na dagaa. Ya pili inafika 3,200. Pumba nimezitoa, nimeongeza mahindi na mafuta ya alizeti, bei ikapanda. Ipi inalipa? Baridi ya Julai hii wanakula kama hawashibi.

Mama Broila, Pasua
Pole na baridi, kaka. Mimi Moshi naweka mafuta miezi ya joto. Kuku akihema kwa joto anakula kidogo, kwa hiyo kila punje iwe na nguvu, na mafuta hayampandishii joto la mwili kama wanga. Kwenye kilo 100, ukitoa kilo 1 ya mahindi ukaweka kilo 1 ya mafuta, unapata kama kilokalori 50 zaidi kwa kila kilo ya chakula.

Ila usirudie kosa langu. Niliongeza mafuta, soya nikaiacha palepale. Kuku hula kufuata nguvu: akishaipata anaacha, hata kama protini haijamtosha. Nilichinja kuku wenye mafuta tele tumboni na vifua vyembamba. Iliniuma sana. Kama kwenye 2,900 una protini asilimia 20, kwenye 3,200 weka kama 22.

Mzee wa Mizani
Umesema kweli, mama. Na hiyo soya ya ziada iingie kwenye hesabu ya bei. Kutoka 2,900 kwenda 3,200 nguvu inaongezeka kama asilimia 10. Kilo ya pili ikizidi bei kwa zaidi ya hapo, unainunua nguvu kwa bei ghali.

Mama Broila, Pasua
Sawa mzee, lakini utumbo nao una kikomo. Pumba na mashudu vikizidi, kuku anajaa nyuzinyuzi kabla hajapata nguvu yake. Hapo hata chakula cha bei nafuu ni hasara.

Mfugaji Njiro
Asanteni sana. Nimepiga hesabu pamoja na soya: ya pili inazidi kwa asilimia 16. Nabaki na 2,900, napunguza mashudu, na leo nashusha maturubai ya banda mapema kuzuia baridi, maana chakula kingi kinaishia kupasha mwili. Jumamosi napima kuku 20.

Mzee wa Mizani
Pima na chakula kilichobaki kwenye vilishio.