Deni la zamani la TRA na mimi nipo Ndola: nilipe lote, niombe awamu, nipinge au nisubiri msamaha?

Mbali_na_Ziwa
Mwakeye wana Kigoma, na majirani wa Tabora pia. Nilikuwa na duka la spea za pikipiki pale Mwanga. Desemba 2017 nikarudisha fremu kwa mwenyewe, Januari 2018 nikavuka Tunduma, na tangu hapo niko Ndola. Kosa langu nalijua: niliondoka kimyakimya. Barua ya kufunga biashara sikuandika, na awamu mbili za mwisho za makadirio ya 2017 (kodi ambayo TRA, mamlaka ya mapato, hukukadiria), jumla 159,000, sikulipa.

Mwezi uliopita mdogo wangu kanitumia taarifa ya deni. Shilingi 3,100,000! Nataka kujenga Gungu na kurudi kwenye biashara mwakani, na TIN, namba yangu ya mlipakodi, ni ileile. Naona njia nne: kulipa lote yaishe, kuomba awamu, kupinga, au kutulia nikingoja msamaha kama ule wa 2018. Waliowahi kupita huko nisaidieni. Msinicheke sana.

Dereva_wa_Masafa
Pole mkuu. Ningekuwa wewe ningetulia. Nani atakufuata Ndola kwa deni la duka la spea? Misamaha huja. 2018 watu walifutiwa riba na adhabu asilimia 100.

BintiUjiji
Kaka Dereva, usimpoteze mwenzio. Msamaha ule mzee wangu aliupata, nilikuwa naye bega kwa bega. Kwanza uliombwa kwa barua, haukumfuata mtu nyumbani. Pili, kilichofutwa ni riba na adhabu. Kodi ya msingi aliilipa yote, tukauza na mtumbwi. Na kutulia kuna gharama yake, maana riba ya kodi hujumlishwa kila mwezi, riba inazaa riba.

Tena kaka yetu anasema anarudi. Kimya labda kinamfaa asiye na nia ya kurudi. Huyu akifungua akaunti ya biashara hapa, sheria inampa Kamishna wa TRA uwezo wa kuiagiza benki ikate. Inampa pia uwezo wa kuwaelekeza Uhamiaji wamzuie mdaiwa asitoke nchini. Mimi sijamwona aliyezuiwa kwa deni la spea, lakini kifungu kipo.

Dereva_wa_Masafa
Haya dada, nimekusikia. Ila Tanzania na Zambia si zina mkataba wa kutotoza kodi mara mbili? Huo haumlindi?

HesabuTabora
Mwangaluka. Mimi ni mhasibu hapa Isevya, wateja wengi ni wa tumbaku na maduka, na kesi ya namna hii si ya kwanza.

Mkataba upo kweli, Zambia ni miongoni mwa nchi tulizowekeana nazo mkataba huo. Kazi yake ni kuzuia pato moja lisitozwe huku na kule. Pato la duka la Mwanga lilipatikana Mwanga, Zambia haikuligusa, kwa hiyo mkataba hauna la kukusaidia hapo.

Ndugu yangu Mbali, kabla hujachagua njia, lipasue hilo deni. Watu wakiona milioni tatu wanashika kichwa na kuanza kuuliza zitalipwaje, hawaulizi zimetoka wapi. Mwambie mdogo wako akuombee mchanganuo wa mwaka kwa mwaka: kodi, riba, adhabu. Ukiupata uweke hapa, ficha TIN.

Chumvi_ya_Uvinza
Mhasibu anasema kweli ila ataongeza safari. Mimi nilikuwa na deni la milioni mbili nikiwa Lubumbashi. Niliandika barua ya kuomba awamu, nikakubaliwa miezi kumi, nikalipa, nikalala usingizi. Kupinga ni kazi ya mwenye muda na nauli. Mwenzangu alipinga, mwaka wa pili huu bado anazungushana na makaratasi.

Mbali_na_Ziwa
Asanteni wote. Mchanganuo huu hapa:
Kodi iliyobaki 2017: 159,000
Kodi ya 2018 hadi 2021: 1,068,000
Riba na adhabu: 1,873,000

HesabuTabora
Sasa tunaongea. Deni lako halisi, lile la jasho la duka, ni 159,000. Hiyo 1,068,000 ni makadirio ya miaka minne ambayo duka halikuwepo, na yaliendelea kwa sababu hakuna aliyewaambia TRA kwamba limefungwa. Sehemu kubwa ya ile 1,873,000 imeota juu ya hayo makadirio. Yakianguka, na riba yake inaanguka nayo.

Ndiyo maana ndugu Chumvi simkatalii, lakini deni lake yeye lilikuwa la mauzo aliyoyafanya. Mwenye deni la halali aombe awamu, tena mapema, na asiruke hata moja. Huyu akiomba awamu kwa 3,100,000 amekubali kwa maandishi kwamba aliuza spea Mwanga akiwa Ndola.

Kupinga kuko hivi. Pingamizi huwekwa ndani ya siku 30 tangu upewe makadirio. Zimepita zamani. Ila sheria ya usimamizi wa kodi ya 2015 inaruhusu kuomba kuongezewa muda, na sababu ya kwanza kutajwa ni kutokuwepo nchini. Unayo hiyo. La pili ni amana, yaani hela unayotanguliza ili pingamizi lipokelewe: theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi usichobishia, kile kilicho kikubwa. Kwako theluthi ya 1,068,000 ni 356,000. Unaweza kuomba usamehewe amana nayo, lakini andaa hela.

Ushahidi ndio utakaokubeba. Pasipoti yenye muhuri wa Tunduma wa Januari 2018. Barua ya mwenye fremu kwamba uliirudisha, na mtendaji wa mtaa aithibitishe. Leseni ya manispaa ambayo haikuhuishwa baada ya 2017. Kama aliyeingia kwenye fremu ile ana TIN yake na leseni yake, mwombe nakala, utamshukuru.

Ile 159,000 lipa wiki hii. Usiende kubishania milioni huku laki na nusu isiyo na ubishi umeikalia.

BintiUjiji
Na barua ya kufunga biashara iende siku hiyohiyo! La sivyo mnafuta 2021 huku miaka mingine inaota.

BibiMigebuka
Wanangu, mimi mtu mzima naongeza moja tu. Kijana wangu yuko Muscat, alimtumia "mtu wake" hela amlipie deni. Yule mtu alikula, akaleta risiti ya kuchonga. Usitume hela kwa kishoka. Omba namba ya malipo, ulipe mwenyewe kwa benki au kwa simu ya mdogo wako, na kabla ya kubonyeza muangalie jina la mpokeaji. Likitokea la mtu binafsi, simama hapo.

Mbali_na_Ziwa
Bibi shikamoo, nimekuelewa. Mhasibu, mdogo wangu anaweza kunisimamia au lazima nimlipe mshauri?

HesabuTabora
Kulipa na kupeleka barua, mdogo wako anatosha, mpe hati ya uwakilishi. Pita ubalozini Lusaka wakugongee muhuri. Pingamizi lenyewe ningelipeleka kwa mshauri wa kodi aliyesajiliwa na TRA, na mwombe cheti chake bila aibu. Akikutajia malipo makubwa kuliko 1,068,000, mkimbie.

Pingamizi likikataliwa kuna Bodi ya Rufaa za Kodi, ila kwa kiasi hiki mimi nisingefika huko. Hapo ndipo ushauri wa ndugu Chumvi unaingia: geuka, omba awamu kwa kilichobaki, na uandike ombi la kupunguziwa riba na adhabu ukieleza sababu.

Chumvi_ya_Uvinza
Hapo tumeelewana. Mimi nilidhani deni ni deni tu.

Dereva_wa_Masafa
Na mimi nafuta kauli. Nina TIN ya bajaji niliyoiuza 2020, naona jasho linanitoka.

Mbali_na_Ziwa
159,000 imelipwa leo asubuhi, jina lilikuwa la TRA, bibi nimeangalia mara mbili. Barua ya kufunga biashara mdogo wangu anaipeleka Jumatatu. Mwenye fremu amekubali kuandika, ila anadai kwanza nimlipe bili ya umeme ya Novemba 2017. Elfu kumi na nane. Kaiandika kwenye daftari mpaka leo.