Re: Kadi ya bima imekataa, bosi hajalipa michango ya yunioni

Kaka uliyeuliza jana, pole sana. Hilo lilinikuta mwaka juzi nikipaka rangi kwa kontrakta mmoja huku New Jersey. Nimeenda kuchukua dawa ya pumu ya mtoto, dada wa kaunta anapitisha kadi mara ya kwanza, ya pili, anatikisa kichwa. Kumbe bosi hajapeleka michango kwenye mfuko wa yunioni (chama chetu cha wafanyakazi), ule unaotulipia bima na pensheni, miezi minne na sisi tunapiga kazi kila siku.

Hela ya bima na pensheni haikatwi kwenye mshahara, mwajiri ndo anatakiwa ailipe juu yake kwa kila saa uliyofanya, kwa hiyo ukitazama slipu huoni pengo lolote unadhani mambo safi. Lakini ni jasho lako lile!

Anayeshtaki ni mfuko wenyewe, una wadhamini nusu wa yunioni nusu wa waajiri, ndo sheria ya kazi ya Marekani ya 1947 ilivyotaka. Wakili ni wao, wewe hutoi hata senti. Kesi inaenda mahakama ya shirikisho kwa sheria ya ERISA ya 1974, ile inayolinda mafao ya wafanyakazi, na mfuko ukishinda bosi analipa deni, riba, halafu riba hiyo tena au fidia ya mpaka asilimia 20 ya deni, ile iliyo kubwa, pamoja na gharama za wakili.

Kwetu ugomvi ulikuwa masaa. Vitabu vya bosi vilionyesha 20 kwa wiki wakati tulifanya 40, nusu tunapewa kesh mkononi. Kilichoniokoa ni kalenda ya jikoni, mke wangu alikuwa anaandika kwa peni nyekundu saa ninayotoka na ninayorudi, na jina la saiti. Mkaguzi wa mfuko aliipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Kesi ilikula karibu mwaka, wakalipana, masaa yangu yakaingizwa yote.

> Shikamoo kaka. Mi naogopa nikipiga simu kwenye mfuko bosi atanifukuza.

Marhaba mdogo wangu. Kukufukuza kwa sababu unadai mafao ni kosa kwa sheria hiyohiyo ya ERISA. Piga kesho asubuhi, uliza wamepokea masaa mangapi kwa jina lako tangu Januari, waombe wakutumie kwa maandishi, kisha kaa na slipu zako ulinganishe mwezi kwa mwezi. Na zile bahasha za kesh usizitupe, andika tarehe juu yake.