Jeti boti inalia alamu na kuzima: nitengeneze au niweke mashine ya nje?

KijanaWaTudor (Jumatatu, saa 3 usiku)
Salaam ndugu zangu. Nina jeti boti ya futi 18, ile inayosukumwa na maji yanayorushwa nyuma, nimeirithi kwa mjomba. Inalia alamu halafu inazima. Ikipumzika kidogo yawaka kama haina neno. Fundi wa kwanza asema tung'oe injini, tuzibe tundu la jeti, tuweke mashine ya nje, ile ya kufunga nyuma ya boti, ya hosipawa 75. Wa pili ataka ovaholi ya injini na pampu ya jeti. Bei zao hazipishani sana. Disemba yaja na wageni nishawapa ahadi. Nifuate lipi?

Fundi_Ganjoni
Yakhe, umekuja kwa daktari ukasema "naumwa", ukanyamaza. Injini gani? Tu-stroki au fo-stroki? Alamu inalia mfululizo au kwa vipande? Inalia kabla haijazima au ikishazima? Geji ya joto yasemaje? Inazima baada ya dakika ngapi?

Ngalawa_Moja
Maswali ya nini? Weka mashine ya nje umalize. Tembea Vanga mpaka Kiunga uhesabu wavuvi wenye jeti. Wote wana mashine za nje za Yamaha Enduro, na spea wapata hata usiku. Jeti boti ya kisasa ilibuniwa na mhandisi Hamilton kule New Zealand miaka ya 1950 kwa ajili ya mito ya mawe. Yeye hakuwahi kuona mwani wa Bamburi wakati wa kusi.

MamaShelly
Ngalawa, wewe kila swali jibu lako Enduro. Mtu akiuliza mchele utamwambia Enduro. Mimi nabeba wageni, na watoto huogelea mpaka kwenye tezi, nyuma ya boti. Jeti haina panga la nje la kumkata mtu mguu. Tena maji yakipwa Tudor, jeti inapita juu ya tope ambapo wewe utakuwa umeinua mashine unasukuma kwa upondo.

Ngalawa_Moja
Inapita juu ya tope na inalinywa hilo tope, mama.

KijanaWaTudor
Ni V6, fo-stroki, petroli, kabureta. Geji ya joto imekufa kitambo. Inazima baada ya dakika 20 hivi. Alamu nafikiri yalia kabla… au kwa pamoja. Kusema kweli sikutazama, wageni walikuwa wanapiga kelele.

Fundi_Ganjoni
Hapo ndipo penye kesi yote, na wewe ndipo hukutazama. Sikiliza. Injini kama hiyo ina kengele moja yenye swichi mbili. Ya joto hufunga saketi injini ikichemka. Ya oili hufunga presha ikianguka. Injini ikizima kwa sababu yoyote ile na ufunguo uko oni, presha ya oili inaanguka, kengele inalia. Kwa hivyo ikilia baada ya kuzima, alamu haina habari mpya. Inakwambia tu kwamba injini imezima. Tafuta kasoro kwenye mafuta au moto wa plagi.
Ikilia kabla, zima wewe mwenyewe haraka. Boti nyingi za jeti hupata maji ya kupoza kwa presha ya jeti yenyewe. Grili ya chini, pale jeti inapovutia maji, ikishika mwani, unapoteza mwendo na maji ya kupoza kwa mpigo mmoja. Injini itavuma juu na boti haiendi.
Dakika 20 kisha inawaka tena? Anza na tundu la hewa la tangi. Likiziba, pampu inavuta mpaka tangi linakosa pumzi. Legeza kifuniko cha tangi uende safari ile ile. Na nunua geji ya joto kabla ya kununua injini, jamani.

MamaShelly
Akilegeza kifuniko aangalie mvuke wa petroli. Awashe ile feni ya chumba cha injini dakika nne kabla ya kugusa ufunguo. Na asibebe wageni siku ya majaribio.

Amari_Fupi
Nami nieleze yangu, mnicheke mkitaka. Boti ya rafiki, jeti pia, alamu ilikuwa inalia kila safari. Fundi wetu, simtaji, akaona dawa ni kukata waya wa kengele na kuufunga tepu. Kimya. Tukamsifu, tukamlipa na chai juu.
Wiki mbili baadaye twatoka mlango wa Mtwapa, kusi imeanza, bamvua, maji yanatoka kwa nguvu. Kumbe tumemeza kipande cha kamba ya nyavu, kimejizungusha kwenye impela, lile panga la ndani ya jeti. Mwendo umepungua, nahodha anaongeza moto. Nikasikia harufu ya mpira. Bomba la ekzosi ni la mpira na hupozwa na yale maji ya jeti, maji yakikosa linaungua. Likatoboka. Kufungua kifuniko, moshi, na ngama, chini kabisa ya boti, imejaa maji. Injini ikakwama, haizunguki hata kwa spana.
Tukatupa nanga. Amari, yaani kamba ya nanga, ilikuwa mita 15 kwa sababu ile ndefu tulikuwa tumemwazima jirani. Haikushika. Tunafuta maji kwa kopo la rangi na mwamba unapovunja mawimbi tunausikia. Wavuvi wawili wa Mtwapa ndio waliotuvuta, na mashine yao, naona haya kuandika, ilikuwa Enduro.

Ngalawa_Moja
Nimemaliza sina la kuongeza.

Mzee_wa_Mtongwe
Mmesahau petroli yenyewe. Vijana wanaonunua kwa mitungi barabarani wanauziwa iliyochanganywa mafuta ya taa.

Fundi_Ganjoni
Mzee, siku hizi haina faida. Tangu 2018 mafuta ya taa yana tozo ya Sh18 kwa lita kwa sababu ya mchezo huo.

Mzee_wa_Mtongwe
Mwizi hasomi tozo, mwanangu.

Baharia_Tanga
Mkuu, hata kama utaweka mashine ya nje, umeuliza kama ubao wa tezi utabeba? Boti ya jeti uzito wake ulipangwa ndani. Ukining'iniza mashine nyuma bila kujenga upya, omo, mbele ya boti, litaangalia mbingu. Na kwa boti ya abiria utarudi kwa wakaguzi.

KijanaWaTudor (Jumamosi)
Nimelegeza kifuniko. Kutoka Tudor, chini ya Daraja la Nyali, mpaka karibu na Likoni, dakika 45, haikuzima. Lakini pale tuliposimama kupisha feri, injini ikizunguka polepole, alamu ikalia mara mbili ikanyamaza. Sasa?

Fundi_Ganjoni
Geji umeweka?

KijanaWaTudor
Bado.

Ngalawa_Moja
Trela unayo? Hata kama boti huuzi, trela nipe bei.